Mrejesho: mashine ya kukaushia nguo iliyokuwa haikaushi

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini mashine yangu inazunguka saa mbili na taulo bado zinatoka mbichi. Nyumba yenyewe ni ya 1948, hapa Seattle, na mvua za huku mnazijua. Mlionishauri nimwite fundi wa kusafisha bomba la kutolea hewa, asanteni sana.

Alikuja Jumamosi. Bomba linapita chini ya sakafu, lina kona tatu. Alipoingiza brashi ndefu inayozungushwa kwa drili, ikatoka ndoo nzima ya manyoya ya nguo, yaani vile vinyuzi vinavyochomoka nguo zikikaushwa. Yale ya karibu na ukuta wa nje yalikuwa yameloa na kugandamana kama uji uliolala. Kumbe huko nje mtu aliwahi kuweka wavu wa kuzuia panya, ukaziba kabisa! Ameutoa, akafunga kifuniko kinachofunguka hewa ikitoka. Bomba laini la foili nyuma ya mashine nalo tumelibadilisha, sasa ni bati gumu la inchi 4.

Taulo zinakauka kwa dakika 50, na harufu ya uvundo imekwisha. Manyoya yale hushika moto upesi mno. Nikifikiria watoto wanalala juu ya bomba hilo, nashukuru Mungu. Fundi atarudi Oktoba, kabla mvua hazijakolea.