Tupeane uzoefu: mliowahi kula mavuno mapya pamoja na wafanyakazi wenzenu

Ukindu wa Wete:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimeanzisha mada hii kwa sababu mpunga umeanza kupiga manjano huku kwetu Pemba, na ofisini pangu mwaka huu sijasikia hata mmoja kutaja pepeta.

Niko masijala, ofisi moja ya serikali hapa Wete, mwaka wa 14 sasa. Tokea nilipoajiriwa alikuwapo mzee mmoja, mkubwa wetu wa masijala, mwenye shamba lake la mpunga bondeni. Mpunga ukikaribia kuiva, asubuhi moja unamuona anaingia na kikapu kimefunikwa kanga. Hatangazi. Anakiweka juu ya meza ya mafaili, anatoa nazi mbili, mbuzi ya kukunia na sukari kwenye kopo. Ikifika saa nne ofisi nzima imo mle ndani, mkurugenzi na kijana wa usafi magoti yanagusana, tunachota kwa mkono kwenye sinia moja.

Kwa wasioijua pepeta: mpunga unakatwa punje imeshajaa lakini bado laini. Unapurwa, unakaangwa chunguni, kisha unatwangwa ungali moto, watu wawili kinu kimoja, mchi huu ukipanda ule unashuka. Ukiuacha ukapoa unavunjika chengachenga. Halafu unapepetwa kwa ungo makapi yatoke. Unaila kwa nazi iliyokunwa na sukari, wengine kwa tui. Harufu yake ni ya moshi na majani mabichi pamoja. Wakati wake ni siku chache tu; mpunga ukishakauka, basi tena, huo ni wa wali.

Mimi nilihamia Wete nikitokea Mkoani, sina ninayemjua. Miezi mitatu mkuu wangu alikuwa akisema nami kwa maandishi pembeni mwa faili. Siku ya pepeta alikaa karibu yangu mkekani akaniuliza, "Kwenu Mkoani mnatia nazi au tui?" Tulizungumza mpaka adhuhuri. Mwaka uliofuata nilipofiwa na mama, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwetu, na safari ya Wete mpaka Mkoani mnaijua.

Hata Ramadhani ilipoangukia mavuno, 2015 na 2016, mzee hakuacha. Aliifunga kwenye majani ya mgomba, kila mtu akaondoka na fungu lake la kufuturia.

Mwaka jana kastaafu. Nataka kujua kwenu mnafanyaje. Nani anaanza? Ambaye hana shamba anakuja na nini?

Mkae wa Kusini:

Waalaykum salaam dada. Mie ni mwalimu, skuli ninayosomesha iko mjini lakini kwetu Makunduchi. Sisi hatuna pepeta ya ofisini, tuna Mwaka Kogwa. Ni mwaka mpya wa jadi, mwezi wa Julai, na ukiuangalia vizuri ni jambo la wakulima: wazee wetu walihesabu siku kumi kumi kuanzia Siku ya Mwaka, kila kumi wakiita mwongo, na kwa hesabu hiyo wakajua wakati wa kuchoma shamba na wakati wa kutia mbegu. Babu yangu hakuwa na kalenda ya ukutani. Ukimuuliza lini tunapanda mtama, anakutajia mwongo.

Kwetu mtu kupitisha Mwaka bila mgeni nyumbani ni jambo zito, mama yangu huona ni nuksi. Kwa hiyo mwaka wa kwanza wa kazi nilialika walimu wenzangu wote. Walikuja kumi na moja kwa daladala moja. Alfajiri watu walikuwa wameshakwenda pwani kukoga. Wao walifika wakati wanaume wa upande wa kusini na wa kaskazini wanapigana kwa vigogo vya migomba, na wanawake wamevaa kanga mpya wanaimba. Mwalimu mkuu wetu, mtu mkimya sana, aliniuliza kwa wasiwasi kama ni ugomvi wa kweli. Nikamwambia, "Mwalim, hapa mtu anatoa aliyonayo moyoni ya mwaka mzima, na yakimalizika yamemalizika." Halafu kibanda cha makuti kikachomwa moto, sote tukaangalia moshi unaelekea wapi.

Tulirudi nyumbani tukala wali, samaki wa kukaanga, mchuzi wa nazi na maboga ya shambani kwetu. Miongoni mwa wageni walikuwamo walimu wawili wa hesabu ambao tokea muhula wa kwanza hawakuwa wakiamkiana. Jambo lenyewe sitolieleza. Ninachoweza kusema ni kwamba walirudi mjini kiti kimoja, na Jumatatu niliwakuta wanapanga ratiba pamoja.

Kwa hiyo jibu langu: usiwapelekee mavuno ofisini, wapeleke watu kwenye mavuno.

Fundi Umeme:

Suali dogo dada Ukindu. Watu ishirini inatosha pishi ngapi? Tunataka kujaribu kwetu Chake.

Ukindu wa Wete:

Pishi tatu za mpunga zinatosha, maana ukishatwanga inapungua. Nazi zisiwe chini ya nne. Na msitwange jana yake, itwangwe alfajiri ile ile.

Mpishi wa Nungwi:

Mimi niko jikoni, hoteli moja huku Kaskazini. Tuna mwenzetu Mtamil, anatokea Kusini mwa India. Januari, siku mbili tu baada ya Sikukuu ya Mapinduzi, aliniomba sufuria kubwa na ruhusa ya kupika nje, kwenye jua. Nikamuuliza kuna nini. Akasema kwao ni Pongal, sikukuu ya mavuno, mchele mpya umeshaingia ndani.

Alitia maziwa motoni akasubiri. Mimi mpishi, nikiona maziwa yanapanda mkono wangu unakwenda wenyewe kupunguza moto. Akanishika mkono. "Yaache yamwagike." Yakafurika yakamwagikia kuni, na yeye akapiga ukelele wa furaha, "Pongalo Pongal!" Kumwagika kule ndiko sikukuu yenyewe, na jina limetoka huko: neema iliyojaa mpaka ikapita mdomo wa chungu. Kisha akatia mchele, choroko zilizokobolewa, sukari guru, iliki na korosho za kukaanga kwa samli. Iliki na korosho nilimpa mimi.

Mmoja wetu alisita, kwa kuwa kwao siku ile wanalishukuru jua. Alimwambia waziwazi, na yule bwana alimfahamu vizuri. Alipomaliza dua yake peke yake, sote tukakaa chini tukala, hata yule aliyesita.

Alikuwa na miaka mitatu hajarudi kwao. Aliniambia siku ya pili yake ni ya ng'ombe, wanawaosha na kuwapaka rangi pembe kwa sababu ndio waliolima. Nikamsimulia mchezo wa ng'ombe wa Pemba, akataka kujua kila kitu. Tangu hapo mimi ndiye ninayemkumbusha Januari ikifika.

Bint Karafuu:

Kwetu ni karafuu, nayo hailiwi kwa sinia. Mimi ni muuguzi, kituo cha afya huku Micheweni. Mwenzetu alifiwa na mume, akaachiwa mikarafuu na watoto wadogo, na msimu ndio huo umefika. Wachumaji walikuwa ghali. Tukakubaliana: anayetoka zamu ya usiku analala mpaka saa nne, kisha anakwenda shamba.

Wanaume walipanda, sisi tukachuma matawi ya chini. Usiku tulikaa barazani kwake tukichambua, karafuu huku na makonyo, vile vikonyo vyake, kule, vidole vyeusi, kahawa inazunguka. Mambo niliyoyasikia usiku ule kuhusu watu ninaofanya nao kazi sikuwahi kuyajua. Siku ya tatu ya kuanika mvua ilitushika. Mnajua karafuu mbichi ikirowa inageuka rangi na inashuka daraja. Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa wa kwanza kukimbia, akaviringisha jamvi zima peke yake akaliingiza ndani. Tuliokoa karibu yote.

Alipouza alitupikia boko boko, ule uji mzito wa ngano na nyama. Chakula hicho naweza kukuambia leo kilikuwa na chumvi kiasi gani.

Sauti ya Jioni:

Naomba niseme upande wa pili. Ofisini kwetu mjini mambo haya yaliharibika. Lilianza kama hilo la pepeta, kila mtu na muhogo wake. Akaja mtu akaunda kamati. Mchango ukawa shilingi elfu kumi, ukafika elfu ishirini, fulana za rangi moja, mpishi wa kukodi. Wahudumu na walinzi wakaacha kuja, kila mmoja na udhuru wake. Mwaka wa mwisho niliwaona wamekaa getini wanasikia muziki. Nilishindwa kumeza.

Ukindu wa Wete:

Sauti ya Jioni, hili limenishika kweli. Mzee wetu hakuwahi kupokea hata senti. Mara moja mkurugenzi alimpa noti akairudisha, akamwambia alete nazi. Sisi huku tunaita kula kikoa, na kikoa kina heshima yake: leo wewe, kesho mimi, kila mtu kwa alichonacho. Asiye na shamba anakuna nazi.

Nimewasoma nyote, na jana jioni nikaenda kwa mzee. Nilimkuta bondeni, suruali imekunjwa magotini. Nikamwambia sisi ndio tutakaokuja kwake. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia mpunga wa upande wa juu utakuwa tayari Jumamosi ijayo, tufike kabla ya jua kupanda. Kinu anacho. Mchi mmoja umepasuka, kwa hiyo nimemuomba kijana wa usafi aje na wa kwao.