Kasri la Mysore kwa siku moja kutoka Bengaluru, na mama mwenye goti bovu

Binti_Kibokoni: Salamu alaykum. Mwezi wa kumi na moja nitakuwa Bengaluru, India, na mamangu, na Jumapili moja tuko huru. Twataka kuliona kasri la Mysore na kurudi siku hiyo hiyo. Yawezekana? Goti lamsumbua, ngazi nyingi haziwezi.

Nahodha_Tudor: Wa alaykum salaam dada. Yawezekana, na Jumapili ndiyo siku yenyewe. Saa moja usiku huwashwa taa zipatazo laki moja, jumba zima likang'ara, ila hazifiki saa nzima. Kuingia ndani ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Kwa hiyo ingieni kama saa tisa, mtoke mpate chai, kisha mrudi kungoja taa.

Ni kilomita 145 hivi. Treni za kasi huchukua kama saa mbili, nyingine hufika tatu. Tikiti ya kurudi isiwe kabla ya saa mbili na nusu usiku, kwani taa zikizimwa watu hutoka kwa mkupuo na tuktuk huadimika. Na kwenye tikiti hiyo saa itaandikwa 20:30, msije mkachanganya.

Mama_Kizingo: Mwanangu, kuhusu goti. Ndani mwapita njia moja, mkifuatana na umati. Mwaanzia chini kwenye Gombe Thotti, banda la wanasesere, mwafika Kalyana Mantapa, ukumbi wa harusi, ndipo zaja ngazi za kupanda kwenye baraza kuu la Darbar. Ngazi zikimshinda, mama aishie ukumbi wa harusi na hatakuwa amepunjika. Ukumbi huo una pembe nane. Nguzo zake za chuma cha kusubu na vioo vya rangi vyenye tausi vilitoka Glasgow. Atazame juu, kisha atazame sakafu, maana tausi wako kote kuwili. Kasri la awali lilikuwa la mbao, likateketea 1897 wakati wa harusi ya kifalme. Hili la mawe, lililochorwa na Henry Irwin, lilikamilika 1912.

Viatu huachwa nje. Mchukulie soksi nene, mawe ya uani huchoma jua likiwaka, na avae viatu vya kuchomeka ili asiiname kufunga kamba. Kiti cha enzi cha dhahabu hamtakiona: huungwa wakati wa sikukuu ya Kihindu ya Dasara tu, Septemba au Oktoba, kisha hufumuliwa.

Kadi_ya_Manjano: Kabla ya kasri kuna uwanja wa ndege. Atokaye Kenya kuingia India sharti awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Ukichanja wiki moja kabla ya safari hakitakufaa, na asiye nacho aweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Ukishachanjwa hurudii maishani. Pasipoti nayo ibakishe miezi 6.

Binti_Kibokoni: Shukran sana. Kutoka stesheni hadi kasri?

Nahodha_Tudor: Kama kilomita mbili, tuktuk yatosha, patana bei kabla mama hajapanda. Dereva akisema kasri limefungwa mpaka alasiri kwa sababu ya ibada, ataka kuwapeleka duka la hariri apate kamisheni. Kasri hufunguliwa kila siku. Mwambie awashushe lango la kusini, ndiko kwenye dirisha la tikiti.