Waridi la mama linapukutisha majani: ni ukungu au ni wadudu?

Upendo_Sakina
Wakuu habari za leo. Nipo Arusha. Mama yangu ana waridi nyuma ya nyumba na anaumia sana kuyaona yanavyokwisha. Mengine ni yale mekundu ya zamani yanayopanda ukutani chini ya paa, mengine ni vijiti vya maua ya harusi ya mdogo wangu, tulivichomeka vikashika. Tangu masika yaanze, haya ya harusi yanatoa madoa meusi, jani linakuwa manjano kuanzia chini, kisha linadondoka. Ya ukutani hayana madoa, ila yamepauka kana kwamba yana vumbi. Halafu machipukizi yamejaa vidudu vya kijani na sisimizi wanapanda na kushuka. Duka la pembejeo walinipa dawa ya wadudu, napiga kote, sioni nafuu. Siku zisizo na mvua tunamwagilia jioni kwa mpira. Nifanyeje?

Mkulima_Mgeta
Pole dada. Hao wa kijani ni vidukari. Sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai kwa lita ya maji, wapulizie mpaka walowe. Mimi huongeza na majivu juu ya majani.

MamaBustani
Upendo mwanangu, msalimie mama. Nilikuwa skauti kwenye shamba la maua huku Usa River, kazi yangu ilikuwa kupita kwenye matuta na kioo cha kukuzia nikigeuza majani. Hapo kwako naona matatizo matatu, na dawa ya wadudu haiwezi kuyamaliza yote.

Anza na ukutani. Chukua karatasi nyeupe, iweke chini ya jani lililopauka, gonga jani kwa kidole. Ukiona nukta ndogo kama unga wa pilipili zinatembea, huo ni utitiri mwekundu. Geuza jani, utakuta utando mwembamba kama wa buibui karibu na mshipa wa katikati. Utitiri si mdudu, ana miguu minane, na dawa nyingi za wadudu hazimuui. Zinachoua ni wale wanaomla, naye anabaki anazaliana kwa raha. Ndiyo maana Naivasha kwenye mashamba ya waridi wanafuga utitiri mwingine, mlaji, na kuuachia humo ndani. Utitiri mwekundu hupenda pakavu na penye joto, na chini ya paa mvua haifiki. Basi acha hiyo dawa kabisa. Asubuhi piga maji ya mpira kwa nguvu upande wa chini wa majani, rudia kila baada ya siku mbili tatu kwa sababu mayai yanaendelea kuanguliwa.

Madoa meusi ni ukungu, na huo ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Angalia ukingo wa doa: haukunyooka, una vinyuzinyuzi. Mbegu za ukungu huo zinahitaji jani libaki limelowa kama saa saba hivi ndipo ziingie. Mkimwagilia jioni juu ya majani, mnazipa usiku mzima. Mwagilieni asubuhi, mpira uelekee kwenye shina. Okota kila jani lililodondoka ulichome, usilitupe kwenye mboji, maana ukungu unaishi humo. Jani lenye doa halirudi kuwa zima, dawa ya ukungu iitwayo mankozebu inalinda yale mapya tu. Ukiamua kuitumia soma kibandiko, vaa glavu na barakoa, na watoto wasiwe karibu.

Na haya ya harusi yana sababu yake. Maua ya kuuza hulimwa chini ya plastiki, mvua haigusi jani, kwa hiyo madoa meusi kule tulikuwa hatuyaoni sana. Sisi tulihangaika na utitiri na ubwiri unga, ukungu wa aina nyingine. Aina hizo hazikuchaguliwa kwa ajili ya kustahimili masika ya Arusha. Yapeni nafasi, yasibanane, upepo upite.

Vidukari, fuata sabuni ya Mkulima, ila jioni jua likishapoa, na majivu achana nayo, yanaziba jani tu. Sisimizi wanafuata majimaji matamu wanayotoa vidukari, na wanawalinda. Ukiona vile vidudu vya duara vyenye mgongo mwekundu na madoa meusi, usiviguse, vinakula vidukari. Mbolea ya urea punguza, chipukizi laini ndilo wanalolipenda.

Upendo_Sakina
Asante sana mama, shikamoo. Nimegonga karatasi, kweli zinatembea! Mama anauliza: sabuni jioni si italowesha majani usiku? Na mwezi wa saba huwa kuna unga mweupe kwenye vichomozi, ni ukungu huo huo?

MamaBustani
Marahaba. Mama kauliza vizuri. Kwa yale yenye madoa piga sabuni alfajiri, ncha tu za machipukizi, na usuuze kabla jua halijawa kali.

Unga mweupe ni ubwiri unga, ukungu mwingine. Huo hauhitaji jani lililolowa, unapenda usiku wenye unyevu na mchana mkavu. Salfa, ile ile wanayopuliza kwenye mikorosho kule Mtwara, inaufaa na inapunguza utitiri pia. Usiipige jua likiwa kali, wala karibu na siku uliyopiga mafuta ya mwarobaini, majani yataungua. Mvua zikiisha, pogoa: toa matawi yaliyokufa na yanayopishana katikati, na ufute mkasi kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine.