Hii biodizeli ni safi kweli kwa mazingira au tunapigwa changa la macho?

MzeeWaCanter: Wakuu habari za jioni. Nina Canter, napiga mizigo ya nyanya Ilula kwenda Dar. Bei ya dizeli mnaijua wenyewe, sasa kuna jamaa ananishawishi tutengeneze biodizeli kwa mafuta yaliyokaangiwa chips, anasema haichafui mazingira hata kidogo, eti moshi wenyewe unanukia chips 😂 Hela nitapiga hesabu mwenyewe, nachotaka kujua ni hilo la mazingira. Maana hata mbono, ule mmea wa mbegu za mafuta, tuliambiwa hivyo hivyo.

FundiNozeli: Harufu ya chips ni kweli kabisa haha. Na moshi mweusi unapungua, biodizeli ina oksijeni ndani yake so inaungua vizuri zaidi, salfa ndo karibu hakuna. Kule Marekani EPA, wakala wa serikali wa mazingira, walipima mambo haya 2002, ukichanganya 20% masizi yanashuka kama 10%, ukiweka tupu yanashuka karibu nusu. Ila oksidi za naitrojeni, gesi zinazochafua hewa, zinapanda, kama 2% kwenye mchanganyiko na 10% ikiwa tupu, na hizo kwenye foleni za Dar si za kuchekea. Halafu inakwangua uchafu wote wa tenki unaenda filta, mwanzoni uwe na filta ya akiba, na hosi za mpira za gari za zamani zinalainika.

MtuWaPugu: Mnaongelea moshi wakati swali ni mafuta yametoka wapi. Hayo ya chips sawa, yalishalimwa yakaliwa. Mbono sasa! 2009 Kisarawe kampuni kutoka Uingereza ilipata hekta zaidi ya 8,000 za vijiji 11, watu wakaahidiwa ajira, visima, zahanati, 2011 ikafunga virago na ardhi haikurudi kijijini. Walituambia mbono unastahimili ukame, ndio haufi, lakini ukitaka uzae mbegu za maana unataka maji na mbolea kama mahindi tu. Na Indonesia ndo balaa, wanachanganya mawese 40% kwenye dizeli tangu 2025. Kuna utafiti wa 2008 ulipiga hesabu kwamba ukikata msitu wa mvua kule upande michikichi ya biodizeli, inachukua miaka 86 kufidia kaboni uliyoachia, na kwenye kinamasi chenye mboji nene ni miaka 423. Sasa hapo umeokoa nini?

Mkenya_Wote: Huku Makueni ni mbarika (nyonyo) wanahimiza tupande, mbegu zinakamuliwa hapa mjini Wote, mafuta yanapelekwa Italia. Shamba ni letu, gari safi ni lao 😅

MzeeWaCanter: @MtuWaPugu nimekupata mkuu, mimi silimi kitu lakini. Kwa hiyo ya chips haina shida?

Mkemia wa Tabata: Ina shida ndogo ndogo ambazo huyo jamaa hajakwambia. Kila lita 100 za mafuta unatia kama lita 20 za methanoli (alkoholi ya viwandani) na kostiki soda, na methanoli nyingi inatengenezwa kwa gesi asilia, kwa hiyo "haichafui hata kidogo" ifute. Ikitulia chini inabaki gliserini nyeusi nzito kama molasi, lita 10 hivi, bado ina methanoli na soda, halafu unaosha biodizeli kwa maji yanatoka meupe ya sabuni. Ukimwaga vyote mtaroni unaua samaki. Methanoli yenyewe inapofusha macho, usifanyie jikoni wala ndani ya chumba, na sigara mbali.

MamaChipsi: Na hayo mafuta mtayapata kwa nani? Kwangu hayamwagwi, yakichoka kuna mtu wa sabuni anayachukua na wengine wa mihogo wanayagombania. Mkianza kupandisha bei nyie, sabuni itatengenezwa kwa mawese mapya.

MzeeWaCanter: Duh. Kesho namuuliza jamaa gliserini anamwaga wapi, akijiumauma naendelea na sheli.