Mrejesho: neno la kuweka badala ya "zeruzeru"

Niliuliza niandikeje kuhusu watu wenye ulemavu bila kuwabandika majina ya kudhalilisha. Asanteni sana, wakuu.

"Zeruzeru" nimelifuta kote. Sasa ni "mtu mwenye ualbino". "Vipofu" nimeweka "wasioona", kama Chama cha Wasioona Tanzania kinavyojiita. Kosa lilikuja kwa kubadilisha kila neno kwa mkupuo: "viziwi" wakawa "wasiosikia", ilhali CHAVITA ni Chama cha Viziwi Tanzania, jina walilolichagua wenyewe. Nimelirudisha. "Bubu" halirudi, maana kiziwi ana lugha yake ya alama.

Angalieni na upatanisho: "kiziwi amefika", kamwe si "kimefika", kwani hapo mtu amegeuzwa kitu. Kichwa cha habari ya fundi cherehani mwenye ulemavu nimeacha "fundi" tu, bila kutaja ulemavu wake. Habari yenyewe ni ushonaji.