Tupeane uzoefu: kikombe na mzani jikoni, Mtwara na Lindi

Wadau, habari za jioni. Nipo Chuno, Mtwara mjini, napika keki na maandazi ya kuuza. Dukani nanunua kwa kilo, jikoni napima kwa kikombe, na mapishi ya mtandaoni huyu anataja gramu, yule vikombe. Naomba kila mwenye uzoefu aseme anabadilishaje.

Naanza mimi. Nilibeba kikombe changu cha mililita 250 mpaka kwa muuza duka jirani mwenye mzani wa dijitali. Tukakiweka kitupu, tukarudisha sifuri, tukajaza. Unga wa ngano uliochotwa kwa kijiko na kusawazishwa kwa kisu ulikuja gramu 125 hivi. Unga ule ule, kikombe kikizamishwa mfukoni na kugongwa mezani, ukapanda mpaka 150. Kwa vikombe vinne tofauti ni gramu 100, na hapo keki inatoka kavu hata ukizidisha maziwa. Sukari kikombe kimoja ni kama 210, mafuta ya kula 230, maji 250 kamili. Nimeyaandika kwenye mlango wa kabati.

*Mdau wa Lindi mjini:* Asante dada, hapo kwenye kugonga ndipo wengi tunapopotezana. Naongeza: angalia mapishi yametoka wapi. Kikombe cha Marekani ni mililita 240 hivi, cha Australia 250, na kijiko cha chakula cha Australia ni mililita 20 wakati kwingine ni 15. Wanaosema tumia kikombe chochote mradi kiwe hicho hicho wako sawa kwa unga, sukari na mafuta. Mayai je? Mapishi yakisema mayai manne, yai halikui kwa sababu kikombe chako ni kikubwa.

*Mdau wa Kilwa Masoko:* Kwenye mkate wa kumimina, pima mchele ukiwa mkavu. Ukiulowesha usiku kucha unakunywa maji, unavimba, na kikombe cha asubuhi si kile cha jana. Mama mkwe wangu anapima kwa kibaba kabla ya kuloweka, kisha tui analitia kidogo kidogo huku anasaga, mpaka uji uteleze mgongoni mwa upawa bila kukatika. Mimi nilipima kibaba chake kwa mzani, nikabaki na gramu. Tui sijaliwekea namba, maana nazi hazilingani.

*Mdau wa Liwale:* Mimi nauza asali. Mteja anataka kilo, mwingine lita, wanadhani ni kitu kimoja. Lita moja ya asali ina kilo 1.4 hivi, kwa hiyo dumu la lita tano ni kama kilo saba. Mafuta ni kinyume, lita moja haifiki kilo. Bei yangu ya lita na bei ya kilo nazibandika zote mbili.

*Mdau wa Newala:* Kashata za korosho nazipima kwa gramu tu. Korosho nzima zinaacha nafasi katikati, ukizikatakata kikombe kile kile kinameza nyingi zaidi na sukari haitoshi kushika. Sisi huku ubaya wa kupimiwa kwa chombo tunaujua, kangomba (ununuzi wa korosho wa magendo unaopimwa kwa chombo badala ya mzani) imewaumiza wakulima wengi.

*Mdau wa Masasi:* Na unga wa muhogo? Wangu ni mwepesi, ukiuacha kwenye ndoo unajishindilia wenyewe.

*Mimi wa Chuno:* Kaka wa Masasi, uchekeche kwanza, ndiyo upime. Nami nafanya hivyo kwa ngano iliyokaa. Ila usichukue gramu zangu za ngano ukazitumia kwa muhogo, peleka kikombe chako dukani.

*Mdau wa Lindi mjini:* Hamira nayo: kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 3 hivi, kwa hiyo pakiti ya gramu 11 ni zaidi kidogo ya vijiko vitatu na nusu. Mwenye vipimo vya unga wa mchele wa vitumbua atuwekee, huo bado sijaupima.