Kangaruu wamezidi mtaani Canberra, mnaendeshaje alfajiri?

Mtu wa Zamu:
Wakuu, naomba ushauri. Niko Canberra, Australia, mwaka wa pili, nimepanga chini ya kilima cha Mount Ainslie. Natoka zamu ya usiku saa kumi na mbili asubuhi, na Juni hii muda huo bado ni giza. Jumanne kangaruu karuka kutoka kichakani, nikakanyaga breki, kanivaa ubavuni. Taa ya kushoto kwisha, mlango umebonyea, manyoya ya kijivu yamenasa kwenye kioo cha pembeni. Mwenyewe kainuka, kachechemea, katokomea. Kwetu Mikumi ukigonga mnyama unalipa faini. Hapa natoa kwanza fungu langu la bima ndipo fundi aguse gari. Jana tena nimekuta sita wanakula nyasi mbele ya nyumba, dume moja likasimama wima likanitazama kama namdai. Zile filimbi za kufunga kwenye bampa zinasaidia kweli?

Mama Queanbeyan:
Pole mdogo wangu. Filimbi usipoteze hela, nilifunga na bado nikagonga wawili. Dawa ni mguu wako: alfajiri na magharibi shuka hadi 60 hata kibao kikiruhusu 80. Ukimwona mmoja kavuka, jua mwenzake yuko nyuma. Shika breki, usikate usukani, watu wanaishia kwenye miti.
Ukiua jike, egesha mahali salama, mchungulie kwenye mfuko wa tumboni. Mtoto asiye na manyoya huwa kang'ang'ania chuchu, usimvute, utamuumiza mdomo. Piga simu kwa waokoaji wa wanyamapori. Mimi wangu alikuwa na manyoya tayari, nilimfunga kanga nikamtia kifuani ndani ya koti mpaka wakafika. Alikuwa anapiga mateke kama mimba ya miezi saba!

Kijana wa Tanga:
Si serikali huwapunguza kila mwaka?

Mama Queanbeyan:
Kwenye hifadhi, ndiyo, wakati wa baridi. Sababu ni kwamba wakimaliza nyasi kule, mijusi wanakosa pa kujificha. Ila wa mtaani wanafuata nyasi zenu mbichi, za kilimani zimeungua kwa barafu. Usiwape mkate. Na dume hilo linaweza kupita kilo 60, usilikaribie, zunguka mlango wa nyuma. Mbwa mfungie ndani.

Mtu wa Zamu:
Mbwa sina, dada. Nyasi ndiyo shida: mkataba wa mwenye nyumba unasema zisikauke.